Mama hataki kusikia harusi ya Livingstone

*"Shangazi, niko Kampemba, Lubumbashi, mchumba wangu anafanya kazi Brussels. Tunataka harusi Oktoba huko Livingstone, Zambia, mbele ya maporomoko ya Victoria. Tunapanga kwa WhatsApp na mama mmoja wa kule, na sasa anadai nusu ya malipo. Mama yangu ameacha kunisemesha. Nifanye nini?"*

Mwanangu, mama yako hana ugomvi na maporomoko. Barua yako ndefu imetaja gauni, keki na mpiga picha, lakini mali, yaani mahari, hukuitaja hata mara moja. Nani wa upande wa kijana amekuja kuketi na baba yako? Mama anaona mtu baki anaulizwa kila kitu kwa simu, na yeye mzazi haulizwi neno. Mimi niko upande wake.

Anzeni hapa Lubumbashi. Sheria yetu ya familia hapa Kongo, ya 1987, iliyorekebishwa 2016, hairuhusu ndoa kufungwa kabla mali haijatolewa, angalau sehemu. Mali itolewe, mwende komini (ofisi ya manispaa) mbele ya ofisa wa etasivili, anayeandikisha ndoa, ndipo msafiri kwenda kushangilia.

Na Oktoba siikubali. Wakati huo mto Zambezi umepungua sana, na upande wa Zambia sehemu kubwa ya mwamba huwa kavu. Mtapigwa picha mbele ya jiwe! Mwezi wa nne nao maji ni mengi kupita kiasi, rasharasha yake italowesha gauni lote na maporomoko yenyewe hamtayaona vizuri. Chagueni Julai: maji bado yapo, mvua hakuna, watoto wamefunga shule. Asubuhi na usiku kuna baridi, wazee wasikose shali.

Hiyo nusu usiitume bado. Dai mkataba wenye tarehe, bei na masharti ya kurudishiwa pesa. Kisha itafute mwenyewe namba ya hoteli, uwaulize kama siku yenu imewekwa kwa jina lako.

Wageni wawe wachache. Toka mpakani Kasumbalesa mpaka Livingstone ni kuivuka Zambia karibu yote. Kila mmoja awe na pasipoti na kadi ya homa ya manjano, na chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari.

Leo jioni mwambie mama kwamba umesimamisha malipo, umwulize angependa nani awapokee wageni wa mali. Kijana naye ampigie baba yake mkubwa wiki hii hii, asingoje likizo.