Nililipwa Kulala

Swali la wiki lilikuwa: “Serikali ikitumia fedha za kodi kwenye utafiti wa tiba, mwananchi wa kawaida anafaidika nini?” Mimi ni mkulima wa mpunga Mabogini, chini ya Moshi mjini. Shahada sina, ila nimewahi kupewa posho ya kulala, na kwa haki hiyo najibu.

Huku kwetu majaruba yakijaa maji, mbu nao wanajaa. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa mimi na wenzangu kulala kwenye vibanda vya kupimia neti zenye dawa. Kibanda kimeinuliwa kutoka chini na kuzungushiwa maji, ili sisimizi wasipande kula mbu waliokufa kabla hawajahesabiwa. (Mwanzoni nilidhani yale maji ni ya kuku.) Unaingia jioni, unalala chini ya chandarua kilichofuliwa mara 20 kisha kikakatwa matundu 6, kila tundu sentimita 4 kwa 4. Wanakikata makusudi. Nilipouliza kwa nini waharibu kitu kizima, kijana mtafiti akanijibu, “Mzee, cha nyumbani kwako ni kizima?” Nikanyamaza. Cha kwangu kilikuwa kimefungwa fundo pembeni kwa kipande cha kanga.

Alfajiri mbu wanakusanywa mmoja mmoja kwa mrija wa kufyonzea: waliokufa huku, walio hai kule, walioshiba damu peke yao. Walio hai wanatiwa kwenye vikombe vya karatasi, wanapewa pamba yenye maji ya sukari, wanaangaliwa hata saa 72, kwa kuwa kuna dawa inayoua polepole. Na sisi walalaji tulikuwa tunabadilishana vibanda, maana mbu hawatupendi sawasawa. Fomu ya ridhaa tulisaini na dawa ya kinga tulimeza, lakini nenda kamweleze mama mkwe. “Mwanangu,” aliniambia, “yaani wewe umeajiriwa kulisha mbu?”

Sasa faida. Neti za miaka yote zilitiwa pairethroidi, dawa iliyoundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Mbu wakaizoea. Mwenye kiwanda atapima neti yake ili ipate kibali. Kujua kama imeshindwa na neti ya mshindani wake, baada ya miaka 2 kwenye nyumba za watu kama mimi, sioni kwa nini atoe hela yake. Hapo ndipo fedha ya umma inapotakiwa. Kule Misungwi, mkoani Mwanza, watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), chuo cha tiba cha KCMC na wenzao wa London waligawa neti za aina 4, wakafuatilia watoto. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Baada ya miaka 2, penye neti za kawaida watoto kama 46 katika 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Penye neti zilizoongezwa klorofenapiri, ile dawa inayoua polepole, 26. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza. Matokeo yale yako wazi, serikali yoyote inayonunua neti inaweza kuyasoma bure.

Utafiti mwingine ulifanyika hapa hapa Moshi, mwaka 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Ambao kweli ndiyo iliyowalaza hawakufika 2 katika 100! Baadhi yao walikuwa na magonjwa yatokanayo na wanyama, kama brusela na ile tunayoiita sasa homa ya mgunda. Ukifikiria ni wangapi walimeza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, unaona kwamba kujua kisichokuumiza nako ni tiba.

Linaloniuma ni moja. Utafiti wa Misungwi ulichangiwa na serikali ya Uingereza, huo wa homa ukachangiwa na serikali ya Marekani. Nawashukuru walipa kodi wao, lakini mtoa fedha ndiye anayechagua swali. Sisi tunaosimama kwenye majaruba mchana kutwa tuna maswali yetu, kwa mfano zile dawa tunazopulizia mpunga bila hata glavu zinatufanya nini. Nchi za Afrika ziliahidi tangu 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sijaona mgombea aliyeulizwa habari hiyo jukwaani.

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kliniki ya wajawazito na neti mpya. Nikaigeuza nikitafuta lebo.

“Baba, unatafuta bei? Tumepewa bure.”

Nikamwambia siyo bei, natafuta jina la dawa. Lilikuwa moja tu, lile la zamani. Nikachukua misumari nikamtundikia.