Mdogo wako hajaitwa kwenye drafti ya NBA? Asiache kikapu

Kaka pole, ila usimruhusu dogo aache. Umesema kamaliza chuo huko Marekani, usiku wa drafti, timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, jina halikuitwa na sasa anataka kutafuta kazi nyingine, mi naona mapema mno. Drafti ni raundi 2 tu, haizidi watu 60, wakali kibao wanabaki nje. Ben Wallace 1996 hakuchukuliwa na mtu, akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mara 4 na kubeba ubingwa na Detroit 2004. VanVleet naye 2016 aliachwa, 2019 mechi ya 6 ya fainali kapiga pointi 22 Toronto wakawa mabingwa!

Ila cheki walichofanya, hapa ndo penyewe. Wallace kufunga hakukuwa kwake wala hakulazimisha, yeye ni ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kuingia) na kuzuia basi, kocha akawa hawezi kumtoa. Kwa hiyo dogo naye achague kitu kimoja akifanye kuliko wote, na mwili auweke sawa, Udonis Haslem, naye aliyeachwa kwenye drafti, alienda Ufaransa msimu mmoja akapunguza kilo nyingi, karudi Miami 2003 kacheza hapo misimu 20 na ubingwa 3.

Halafu kutochaguliwa kunampa uhuru wa kuchagua timu mwenyewe. Ajenti wake atafute timu yenye pengo kwenye namba yake, aombe Summer League, yaani mechi za majaribio za kiangazi, na wakimpa ule mkataba wa huku NBA huku G League (ligi ndogo ya NBA) asaini, Austin Reaves, naye hakuchaguliwa, alianzia hapohapo na timu ya Lakers 2021.