Dume la Angus Micheweni: ninunue?

SUALI: Assalamu alaykum, daktari. Nafuga Micheweni, Pemba. Nina ng'ombe tisa wa kienyeji, nawafunga kamba minazini. Nimeona tangazo la ranchi moja ya nje inayouza Angus, ng'ombe wa nyama wa kizungu, wa mbegu. Wanasema ng'ombe wao hawataki pumba wala dawa nyingi, wanajilisha wenyewe majani tu. Nataka dume mmoja na mitamba wawili, nianze kuuza mbegu hapa kwetu. Unanishauri vipi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Tangazo huenda ni la kweli, ila ni kweli ya huko kwao. Asili ya Angus ni kaskazini-mashariki mwa Uskoti, nchi ya baridi. "Majani tu" ni majani ya huko, na kupe wa huko hawana ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe.

Anza na tumbo. Jike la Angus hupita kilo 500 kwa urahisi. Lako la kienyeji ni kilo 200 na kitu. Ng'ombe hula kwa siku kiasi cha asilimia mbili na nusu ya uzito wake, ukihesabu majani makavu. Kwa jike la Angus ni kama kilo 60 za majani mabichi, kila siku. Kamba ya mnazini haimfikishi huko, utamkatia wewe.

Halafu jua. Nimewahi kuitwa kumwangalia dume mweusi wa kigeni mwezi wa Februari, saa sita mchana. Alikuwa chini ya mwembe, mdomo wazi, ulimi nje, mate yanachuruzika mpaka kifuani. Hatua ishirini kutoka hapo ng'ombe wa kienyeji wanakula juani. Mwenyewe alidhani kala sumu. Lilikuwa joto tu, na dume aliyechemka hivyo mbegu zake huharibika kwa wiki kadhaa hata akionekana mzima.

Mbung'o, yule nzi anayeeneza nagana, usimuogope: Unguja ilitangazwa kuwa huru naye mwaka 1997, na Pemba hakuwepo. Adui ni kupe wa sikioni. Mnyama aliyekulia pasipo na ndigana kali hana kinga hata chembe. Kila siku ingiza vidole chini ya sikio. Ukikuta tezi imevimba na homa imepita nyuzi 40, usingoje kesho.

Kwa hiyo mnyama hai simshauri. Kuna kibali cha kumuingiza, kuna safari, na akifika, gharama ndogo uliyoahidiwa inageuka kubwa. Nunua mbegu za dume la Angus zilizogandishwa kwenye mirija, umwite mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mrija. Chagua dume anayesifiwa kuzalisha ndama wadogo, na usimpandishie mtamba wa uzao wa kwanza. Majike yetu joto lao la kutaka dume ni fupi, mara nyingi usiku. Ukimuona asubuhi anasimama apandwe, apandishwe jioni ile ile. Ukipandisha Juni au Julai, ndama anaangukia Machi au Aprili, majani ya masika yanachipua. Kupe nao wanachipua, kwa hiyo dawa ya kuogesha iwe ndani mapema, na uulize chanjo ya ndigana kali.

Ishia kwenye nusu damu, yaani chotara wa Angus na jike la kienyeji. Ukimrudishia chotara jike mbegu ya Angus tena, robo tatu hiyo itakuwa inahema kama yule wa chini ya mwembe. Chotara jike wape dume la kienyeji, au la Boran, ng'ombe wa nyama wa Afrika Mashariki, ukilipata.

Sasa biashara yenyewe. Weusi na kukosa pembe ni sifa zinazotawala katika damu ya Angus, kwa hiyo ndama wa nusu damu mara nyingi huzaliwa mweusi na kipara kama babake. Mnunuzi akimtazama atadhani ni Angus mtupu, na watakuwepo watakaomuuza kwa jina hilo. (Wapenzi wa mchezo wa ng'ombe, ule wa kucheza na dume uwanjani hapa Pemba, wao hawatakuja, dume asiye na pembe watamfanyia nini?) Wewe muuze kwa jina lake: chotara, nusu kwa nusu. Kila mrija umeandikwa namba ya dume. Baada ya kupandisha usiutupe. Ubandike kwenye daftari, pembeni andika jina la jike na tarehe. Mnunuzi wa mbegu atakapokuja, mfungulie ukurasa huo kabla hujamfungulia zizi.