Karatasi inasema 20.8, gari langu halivuki 13

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Kibaha na shule ninayofundisha iko Kariakoo, kwa hiyo barabara ya Morogoro naijua asubuhi na jioni. Mwaka jana niliagiza gari dogo la mtumba kutoka Japani, injini ya cc 1000. Karatasi za muuzaji ziliandika linakwenda kilomita 20.8 kwa lita. Mimi kwa kukisia naona halivuki 13. Kwenye kioo cha nyuma lina stika ya Kijapani yenye namba 27 na +10%, na dalali aliniambia hiyo ndiyo hati kwamba gari halili mafuta. Je, watengenezaji wametudanganya, au gari langu ni bovu? Na siku nikinunua jingine nimwamini nani? – Mwalimu, Kibaha

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenye swali lako hufika gereji kwangu kila wiki, na wengi wanakuja wakiwa wameshauziwa plagi, pampu ya mafuta na sensa ambazo hazikuwa na tatizo. Jambo hili linaniuma, maana mtu anatibiwa ugonjwa ambao hajapimwa.

Tuanze na hiyo 20.8. Kwa magari ya Japani ya miaka hiyo, kipimo kinaitwa JC08. Gari huingizwa ndani ya chumba, matairi yakapanda juu ya rola za chuma, na dereva akafuata mwendo uliopangwa kwa sekunde 1,204. Hiyo ni dakika 20 tu, kama kilomita 8, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa na bila kuvuka 82. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna tuta wala kilima, na nyuma hakuna wanafunzi watatu uliowapa lifti. Namba inayotoka pale inafaa kulinganisha gari na gari. Haikuahidi kitu kuhusu foleni ya Magomeni saa moja asubuhi, ila muuzaji anaiandika kana kwamba imeahidi.

Hata hivyo siwezi kukuambia kwamba watengenezaji wote ni wasafi. Aprili 2016 Mitsubishi walikiri kuchezea vipimo vya magari 625,000, yale madogo ya cc 660, injini ya ukubwa uleule wa Kirikuu zetu. Angalia walivyofanya. Kabla ya gari kupelekwa kwenye rola, hukimbizwa kwenye barabara ya majaribio, likawekwa nyutro na kuachwa liserereke, huku wakipima linavyopoteza mwendo. Hapo unajulikana ukinzani wa upepo na tairi, na rola hukazwa kulingana na namba hiyo. Wao walipeleka namba nyepesi, rola zikawa laini, na gari likaonekana linanusa tu mafuta. Aliyegundua hakuwa serikali. Ni Nissan, waliokuwa wakiuza magari hayohayo kwa jina lao, walipoyapima upya na kuona hesabu hazikubaliani. Wizara ya uchukuzi ya Japani ilikuwa ikipokea namba iliyoletwa na kampuni yenyewe! Baadaye ikajulikana kwamba njia ya kupima isiyofuata sheria ilikuwa ikitumika pale tangu 1991.

Marekani nako, Novemba 2012, Hyundai na Kia walilazimika kushusha namba za magari kama 900,000 baada ya wamiliki kulalamika na mamlaka ya mazingira kupima upya. Wamiliki walirudishiwa tofauti ya pesa za mafuta na nyongeza ya asilimia 15. Wewe na mimi tunaopokea gari bandarini baada ya miaka kumi hatuna dirisha la kudai kitu kama hicho.

Kuhusu stika, dalali hakukueleza sawa. Hiyo 27 ni mwaka wa 27 wa enzi ya Heisei kwa kalenda ya Kijapani, yaani 2015. Inasema gari lilivuka kiwango cha mwaka huo kwa asilimia 10, na kiwango chenyewe hupangwa kwa uzito. Gari zito huwekewa kiwango cha chini zaidi. Kwa hiyo gari kubwa la familia linaweza kubeba stika hiyo na bado likanywa kuliko kigari kisicho nayo.

Sasa hiyo 13 yako. Umesema unakisia, na najua kwa nini: tunanunua mafuta kwa shilingi. "Niwekee ya elfu ishirini," basi, lita hatuzioni. Mara moja tu jaza tenki hadi bomba lijikate lenyewe. Kijana wa sheli atataka kuongeza kidogo ili hesabu ya pesa iwe kamili, mkatalie. Rudisha kilomita za safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako wiki nzima, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena hadi ijikate. Gari langu wiki iliyopita lilikwenda kilomita 412 na likapokea lita 29.4. Gawanya: 14. Dashibodi ilikuwa ikiniambia 16, na ninaiandika nayo pembeni kwenye daftari ninaloliweka mfuko wa mlango.

Ukipata 13 au 14, kwa ruti yako na kiyoyozi kikiwaka, gari lako ni zima. Likishuka chini ya 11, anza na vitu vya bure: pima upepo wa matairi likiwa limepoa, kisha baada ya safari sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake, breki yake inashika.

Na la kumwamini: waulize madereva watatu wa teksi mtandao wenye gari unalolitaka. Wanaishi kwa tofauti kati ya nauli na mafuta, na watakutajia lita bila kufungua karatasi yoyote.

Nitumie namba za wiki tatu. Plagi usiguse kabla ya hapo.