Hakuna Nahodha Mwenye Nyangumi Mfukoni

SWALI: Nina likizo wiki mbili za mwisho za Agosti, na fedha zangu zinatosha safari moja tu ya kutazama nyangumi. Nimebaki na sehemu mbili: Hermanus ya Afrika Kusini au Mirissa ya Sri Lanka. Natamani nyangumi wa buluu, ila bahari hunichafua tumbo. Wakala mmoja ananipa uhakika wa asilimia 100 kwamba Mirissa nitawaona, tena boti yao husogea hadi karibu ya kuwagusa. Niende wapi?

JIBU: Kwa Agosti, nenda Hermanus. Mirissa msimu wake ni Novemba hadi Aprili. Agosti monsuni ya kusini-magharibi bado inavuma na bahari ya upande ule huchafuka hata kwa wenye matumbo ya chuma. Kama roho yako imemng'ang'ania wa buluu, sogeza likizo hadi Februari au Machi. Hermanus hutamwona huyo. Utaona nyangumi wa kusini asiye na pezi mgongoni, mwenye vigaga vyeupe kichwani, anayeingia ghubani kuzaa na kunyonyesha. Uzuri wake kwako ni kwamba hukaa karibu sana na nchi kavu: unaketi juu ya majabali na darubini yako, tumbo limetulia. Mji una hadi mpiga baragumu wa kuwatangaza wanapoonekana. Ukitaka boti siku moja, meza dawa kabla ya kupanda, si ukishaanza kutapika.

Sasa turudi kwa wakala wako na asilimia zake, maana barua za namna hii nazipokea kila msimu na kila mara damu hunichemka. Kwanza, mtu anayekuuzia Mirissa ya Agosti kwa uhakika wowote hajui bahari anayoiuza, au anaijua na anakudanganya. Pili, huo "uhakika" usome masharti yake. Mara nyingi msipomwona hurudishiwi fedha. Unapewa nafasi kwenye safari nyingine, ambayo utaitumia lini na wewe umesharuka kurudi kwenu? Na hesabu zenyewe wengine huzipika: wakipita pomboo watatu mbele ya boti, safari inaandikwa kuwa imefaulu.

Hata mkweli kabisa hawezi kuahidi. Nyangumi hao wa Hermanus hula Bahari ya Kusini, kuelekea Antaktika, na huko ndiko idadi ya watakaokuja inakoamuliwa. Jike aliyeshiba huzaa kila baada ya miaka mitatu hivi; chakula kikipungua, anakaa minne au mitano, na mwaka huo ghuba inakuwa na wachache. Nahodha gani anaisimamia hiyo?

Linaloniudhi kuliko yote ni hilo la kugusa. Watu wamejazwa imani kwamba boti nzuri ni ile inayosogea zaidi. Mama anayenyonyesha ghubani anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, miezi kadhaa karibu bila kula, na maziwa ya mtoto yanatoka kwenye mafuta hayohayo. Akikimbizwa anapumua upesi, anabadili mwelekeo, anazama. Mtoto anaacha ziwa na kumfuata. Boti moja ikiondoka inakuja nyingine yenye dhamana yake ya kulinda. Kwa hiyo ile asilimia 100 anayeilipia ni mnyama. Ndiyo sababu sheria ya Afrika Kusini inakutaka ukae mita 300, na wenye kibali tu ndio wanaoruhusiwa kufika mita 50. Mirissa nako, hata katika msimu wake, malalamiko makubwa ni boti nyingi kumzonga nyangumi mmoja, na huyo tayari ana meli kubwa za mizigo za kukwepa, kwa kuwa njia ya meli hizo inapita kusini mwa kisiwa.

Popote utakapokwenda, iwe Kaikōura ya New Zealand, visiwa vya Azores vya Ureno au Húsavík ya Iceland, usianze na asilimia. Uliza mwezi huo kuna nyangumi wa aina gani na wanafuata nini pale. Uliza wana kibali cha nani, wanasimama umbali gani, wanakaa na mnyama mmoja dakika ngapi, na nahodha hufanya nini nyangumi akigeuka kuondoka. Jibu la kufaa ni kwamba humwacha aende.

Wakala wako huenda akakutumia video ya abiria wanaompapasa nyangumi. Muulize imepigwa wapi. Nyingi hutoka rasi ya Baja California huko Meksiko, hasa wangwa wa San Ignacio, ambako nyangumi wa kijivu huzifuata boti wenyewe, tena kati ya Januari na Aprili. Hapo ni bahari nyingine, mnyama mwingine na msimu mwingine.