Je, sans-culottes walikuwa "watu wasio na suruali"?

SWALI: Natafsiri kwa Kiswahili maelezo ya Mapinduzi ya Ufaransa. Nilipofika kwenye jina sans-culottes niliandika "wasio na suruali". Nilipowasomea wenzangu waliangua kicheko, wakauliza kama watu hao walitembea uchi. Nimekosea wapi? Na mavazi mengine ya karne ya 18 niyaiteje?

JIBU: Kosa si lako peke yako. Kiswahili kinatumia neno moja, suruali, kwa mavazi mawili ambayo Wafaransa wa wakati ule waliyatenga kabisa.

Bwana mwenye hadhi, awe wa Paris au London, alivaa koti, kizibao, na suruali iliyoishia chini kidogo ya goti, ikafungwa hapo kwa vifungo au bizimu. Chini yake zilionekana soksi ndefu, mara nyingi za hariri. Hiyo suruali fupi ndiyo culotte. Mafundi na vibarua wa Paris walivaa suruali ndefu, zinazofika kwenye kifundo cha mguu. Kwa hiyo waliotajwa kuwa "bila culotte" walikuwa na suruali ndefu kuliko za mabwana! Jina lilianza kama dharau, nao wanamapinduzi wakalichukua wakajivunia.

Wengine wangekushauri uandike "kaptura". Mimi siafiki. Kaptura huacha goti wazi, na msomaji wetu ataona mwanafunzi wa shule ya msingi, si mtu wa kasri la mfalme. Andika "suruali ya magotini". Tena badilisha "wasio na" iwe "wasiovaa": wasio na kitu wamekikosa, wasiokivaa huvaa kingine, na hapa hoja ni ya vazi la tabaka, si ya kukosa nguo. Mara ya kwanza andika "sans-culottes, yaani wasiovaa suruali za magotini", kisha endelea na jina lenyewe.

Kizibao kinafaa, kwa kuwa watu wa pwani wanakijua juu ya kanzu. Lakini mwanzoni mwa karne kile cha Ulaya kilishuka hadi mapajani, basi sema "kizibao kirefu". Wigi nalo halina tatizo, ila weka wazi kwamba ni la mwanamume, maana leo tukisikia wigi tunamfikiria mwanamke. Lilipakwa poda nyeupe ya wanga, na mwaka 1795 Uingereza ilianza kutoza kodi ya gini moja (sarafu ya dhahabu ya Uingereza) kwa mwaka kwa wanaoitumia.

Kwa wanawake, gauni linatosha kwa vazi la nje. Vazi la kubana kiwiliwili, lililokazwa kwa vipande vya mfupa wa nyangumi, liite koseti. Usiliite sidiria, kwani halikuwa la matiti pekee. Zile fremu zilizovaliwa kiunoni zikatanua sketi kulia na kushoto hazina jina kwetu. Sema tu "fremu za kutanulia sketi".

Neno ninalotamani ulitumie ni shimizi. Asili yake ni chemise ya Kifaransa, nasi tumelihifadhi kwa maana ile ile ya vazi la ndani la mwanamke. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha mjini Paris picha ya malkia Marie Antoinette akiwa na gauni jepesi jeupe la melimeli na kofia ya majani makavu. Watazamaji walikasirika: malkia kachorwa na nguo ya ndani! Picha ikaondolewa, mchoraji akachora nyingine yenye gauni la hariri. Ukiandika "gauni jeupe", msomaji hataona sababu ya hasira hiyo. Andika "gauni la mtindo wa shimizi", na bibi yeyote wa Tanga au Mombasa atakuelewa papo hapo.