Muulize Mwalimu: Je, ni kafyu iliyotuonyesha Mlima Kenya?

SWALI: Mwalimu, habari za siku nyingi? Aprili 2020, wakati wa korona, nilikuwa nikiishi ghorofa ya tano hapa Umoja. Asubuhi moja nikauona Mlima Kenya, nikaupiga picha. Jamaa zangu walisema nimeichezea picha kwa kompyuta. Siku hizi nikitazama upande uleule naona ukungu wa vumbi tu. Ni kweli kufungiwa kulisafisha hewa? Na kama ni kweli, mbona joto la dunia halikupungua?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Uliuona, ndugu yangu. Mlima uko kilomita 140 hivi kutoka hapa, na wenyeji wa Nairobi wameuona tangu zamani, hasa asubuhi baada ya mvua. Aprili ni masika, na masika huosha vumbi hewani, korona iwepo isiwepo. Kwa hiyo usiipe kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, sifa zote.

Lakini haki yake tuipe. Shule zilipofungwa Machi mwaka ule nilikaa nyumbani, karibu na Jogoo Road. Miaka yote shati jeupe tulianika ndani, maana likishinda kwenye kamba ya nje kola inashika masizi. Ukiyagusa yanapaka kidole kama wanja. Aprili ile mama watoto alianika nje shuka za wageni (wageni wenyewe wangetoka wapi, na mji umefungwa tangu tarehe 6?) na jioni akazianua nyeupe pe. Matatu zilikuwa chache, na ikigonga saa moja usiku, kimya.

Masizi ya dizeli hukaa hewani siku chache, kisha yanatua au yanaoshwa na mvua. Nitrojeni dayoksaidi inayotoka kwenye eksozi huisha kwa saa kadhaa tu. Ndiyo maana tofauti ilionekana upesi, na magari yaliporudi, masizi yalirudi kwenye kamba yangu kabla wanafunzi hawajarudi darasani.

Kaboni dayoksaidi, gesi inayopasha dunia joto, ina tabia nyingine. Mwanzoni mwa Aprili 2020 dunia ilipunguza kiasi inachotoa kwa siku kwa karibu asilimia 17, lakini kwa mwaka mzima ni kama asilimia 5 tu, na sehemu kubwa ya tuliyotoa zamani bado iko hewani. Tangi la ghorofa yenu likiingiza maji kidogo kuliko jana, bado linajaa (siku ambazo maji yapo, bila shaka). Kipimo cha Mauna Loa kule Hawaii kilisoma sehemu 417 za gesi hiyo kwa kila milioni za hewa Mei 2020, juu kuliko Mei ya mwaka uliotangulia.

Hukuniuliza habari za ndani ya nyumba, lakini nitasema. Jirani yangu wa chini alipopoteza kazi, mtungi wa gesi uliisha akarudia makaa, na watoto wote wanne wakishinda kwenye chumba kilekile chenye jiko. Nje mlima unaonekana, ndani wanakohoa.

Picha yako itunze. Ukitaka kuuona tena, ingoje mvua kubwa ya Jumamosi usiku, kisha Jumapili panda juu saa kumi na mbili na nusu, kabla makanga hawajaanza kuita.